Duka la "akili za mtoto" Kampala: kipi kinastahili fedha ya mjamzito na kipi kinaweza kubaki rafuni

Mjamzito anayeingia katika duka hili la mahitaji ya mama na mtoto, lililo ghorofani katika jengo moja la biashara katikati ya Kampala, hukutana kwanza na bango kubwa la mtoto aliyevaa miwani na kushika kitabu, na chini yake pameandikwa kwamba akili hujengwa tangu tumboni. Maandishi hayo ni ya kweli. Mtoto anapozaliwa, ubongo wake huwa na takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na anapofikisha miaka miwili huwa umekaribia au kupita robo tatu, kwa hiyo anayesema kwamba miezi ya mimba na miaka miwili ya mwanzo ni kipindi kisicho na mfano wake hasemi uongo. Shida ni kwamba ukweli huo ukishatundikwa juu ya rafu za bidhaa, kila kilicho chini yake hujipatia sifa hata kama si yake, kuanzia kidonge chenye faida iliyothibitishwa hadi kipaza sauti cha kufungwa tumboni.

Niliingia humo pamoja na binti ya dada yangu, ambaye namwita mwanangu, mkazi wa Busia upande wa Uganda, ambaye ana mimba yake ya kwanza na alikuwa amejiwekea fedha za kununua vitu vya kumjenga mtoto akili. Jina la duka nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa maduka ya namna hii sasa yako katika miji mingi na rafu zao hazitofautiani sana; atakayesoma tathmini hii akiwa Mbale au Arua atazikuta bidhaa hizi hizi zikiwa na makopo ya rangi nyingine. Niseme mapema kwamba ni duka safi, lina viti vya kutosha kwa wajawazito, lina choo chenye maji, bei zimebandikwa kwenye kila bidhaa, na malipo kwa simu hayana usumbufu. Wahudumu hawamkimbizi mteja wala hawamdharau anayeuliza bei na kuondoka. Katika mambo hayo sina la kulalamikia, na nitayaacha hapo.

Rafu inayostahili kuzungumziwa kwa kirefu ni ile ya vidonge vya wajawazito, na hasa vidonge vyenye asidi ya foliki. Mhudumu alimwelekeza mwanangu kwenye kopo moja la bei kubwa akisema, "Nyabo (bibie), hiki ndicho kinachoujenga ubongo." Kauli hiyo ina ukweli uliokuja kwa kuchelewa. Mrija wa mishipa ya fahamu, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutunga, yaani wakati ambapo wanawake wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Usipojifunga sawasawa, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi au na kasoro kubwa zaidi ya ubongo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kuanzia pale mwanamke anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Mwanamke aliyefika dukani na tumbo la miezi mitano hanunui tena kinga hiyo, hata angenunua kopo la dhahabu. Anachonunua ni msaada wa kutengeneza damu, ambao nao ni muhimu, lakini ni jambo lingine na hupatikana kwa njia rahisi zaidi.

Kwa maoni yangu, basi, mteja hasa wa rafu hiyo ni bibi harusi anayepita mlango wa jirani kushona gauni, au mama mwenye mtoto wa miaka miwili ambaye yeye na mumewe wameanza kuzungumza juu ya kuongeza mwingine. Hakuna hata bango moja dukani linalomwita mtu huyo. Mabango mengine yote yanaonyesha matumbo makubwa. Kama mwenye duka angehamisha vidonge vya foliki pekee, ambavyo ni vya bei nafuu mno, na kuviweka karibu na mlango kwa ajili ya wanaotarajia kuolewa, angekuwa ameifanyia mishipa ya fahamu ya watoto wa Kampala kazi kubwa kuliko rafu nyingine zote kwa pamoja.

Kwenye rafu hiyo hiyo kuna jambo linalohitaji tahadhari. Vidonge vya asidi ya foliki vinavyouzwa peke yake huwa mara nyingi ni vya miligramu 5, yaani zaidi ya mara kumi ya kiasi cha kawaida. Dozi hiyo kubwa ina watu wake, hasa mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na huandikwa na daktari. Kwa mjamzito wa kawaida nchini Uganda, ambako malaria haina likizo, dozi hiyo ina ubaya wake: asidi ya foliki ya miligramu 5 hudhoofisha nguvu ya Fansidar, dawa ambayo wajawazito hupewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba ili kuwakinga na malaria. Kiasi cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo. Nilimuuliza mhudumu kama huwa anawauliza wateja ni vidonge gani wanavyomeza kutoka kliniki, akajibu kwa uungwana kwamba hilo ni suala la mteja na daktari wake. Sikuridhika na jibu hilo. Anayeuza dawa kwa jina la ubongo wa mtoto anapaswa kujua kwamba malaria ya mama hujificha kwenye kondo la nyuma, hupunguza chakula na hewa inayomfikia mtoto, na huchangia watoto kuzaliwa wakiwa wadogo au kabla ya wakati, hali ambazo ubongo ndio huzilipia.

Kuhusu madini ya chuma, nilisoma maandishi madogo nyuma ya makopo, na ninamshauri kila mnunuzi afanye vivyo hivyo hata kama itambidi aazime miwani. Kidonge cha chuma na foliki ambacho mjamzito hupewa bila malipo katika kituo cha afya cha serikali, ile tembe isiyopendeza, yenye ladha ya msumari, kwa kawaida kina miligramu 60 za chuma na 0.4 za asidi ya foliki. Kopo la bei ya juu kabisa dukani, linalozidi shilingi laki moja, lilikuwa na chuma kisichofikia nusu ya hicho. Zile pipi laini za vitamini, ambazo wajawazito wenye kichefuchefu huzipenda na ambazo mhudumu alizisifia sana, hazikuwa na chuma kabisa. Shirika la Afya Duniani hutaja miligramu 30 hadi 60 kwa siku, na si ajabu, kwa kuwa mtoto huanza kuweka akiba yake ya chuma akiwa tumboni, na akiba hiyo ndiyo itakayoulisha ubongo wake katika miezi ya mwanzo ambapo maziwa ya mama yana chuma kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa Uganda wenye umri wa kati ya miezi 6 na 59 wana upungufu wa damu. Ukiijua idadi hiyo, huwezi kumsifia mjamzito pipi isiyo na chuma.

Ni kweli kwamba tembe ya kliniki husumbua tumbo na kukifanya choo kiwe cheusi, na ni kweli pia kwamba kuna siku akina mama huambiwa dawa imekwisha. Katika siku hizo duka hili lina faida, mradi mnunuzi aombe tembe ya kawaida ya chuma na foliki, ambayo wanayo kwenye droo ya chini na haizidi bei ya soda chache. Aimeze mbali na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa, na akiweza aisindikize na chungwa au embe. Hilo la chai nililisema kwa sauti makusudi, kwa kuwa mwanangu ni mtu wa chai ya maziwa asubuhi na jioni, na sura yake ilionyesha kwamba angependa nisingelijua.

Vidonge vya mafuta ya samaki ndivyo vinavyouzwa kwa maneno matamu kuliko vyote. Kwenye kopo kuna picha ya ubongo unaotoa mwanga. Mafuta ya aina ya omega-3 ni sehemu ya kweli ya ujenzi wa ubongo na macho, na mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 70, yaliona kwamba wajawazito walioyapata walikuwa na uwezekano mdogo wa kuzaa kabla ya wakati. Hiyo si faida ndogo. Lakini mapitio hayo hayo hayakuona tofauti ya wazi katika akili za watoto walipokua, na akili ndiyo inayouzwa kwenye kopo. Mwenye uwezo akinunua, hajatupa fedha. Asiye na uwezo asilale macho wazi, kwa kuwa mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria wanaopimwa kwa kikombe katika kila soko, wana mafuta hayo, na wana pia chuma, zinki, kalsiamu na protini, ambavyo kidonge hakina. Waoshwe mchanga, wakaangwe wakauke, wasagwe pamoja na vichwa vyao, kisha unga wao utiwe kwenye mchuzi wa karanga. Mjamzito anayechefuliwa na harufu ya samaki huweza kuula bila hata kuutambua.

Kuna bidhaa moja ambayo nilitarajia kuikuta dukani na sikuiona, nayo ni chumvi yenye madini joto. Nilipouliza, walicheka na kunielekeza kwenye duka la vyakula upande wa pili wa barabara. Sikuwalaumu kwa kucheka, kwa kuwa nani huuza chumvi kando ya vitanda vya watoto? Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani huutaja upungufu wa madini joto kuwa sababu iliyoenea kuliko zote duniani ya madhara ya ubongo yanayoweza kuzuilika. Katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni hana uwezo wa kujitengenezea homoni za tezi la shingo na hutegemea zile za mama yake, na mama bila madini joto hawezi kuzitengeneza vya kutosha. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 hivi kwa siku. Pakiti ya chumvi yenye madini hayo huuzwa kwa bei ambayo mtoto wa shule hutumwa nayo dukani, na humtosha mtu kwa wiki nyingi.

Mambo mawili huiharibu faida hiyo. La kwanza ni kutumia chumvi isiyoongezwa madini, kama ile ya mabonge inayovunwa kwa mikono katika ziwa la Katwe wilayani Kasese, ambayo ina heshima yake katika historia ya nchi na bado hupendwa na wengi kwa maharage, lakini haifai kuwa chumvi pekee ya mjamzito. La pili ni uhifadhi: chumvi nzuri inayoachwa kwenye kibakuli wazi kando ya sigiri, ikipigwa na mvuke na jua, hupoteza madini yake taratibu. Itiwe kwenye chombo chenye kifuniko, na iingie chunguni karibu na chakula kuiva. Wala hakuna haja ya kuzidisha, kwa sababu wingi wa chumvi hupandisha shinikizo la damu.

Tukaenda kwenye unga wa uji wa watoto. Hapa duka linajitahidi: kuna aina nyingi, zimepangwa vizuri, na nyingine zina alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, ambayo ndiyo ya kutafutwa kwanza. Tuliuchukua mfuko mmoja wa kilo moja, ambao orodha ya vilivyomo ilijaza upande mzima: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, mukene, karoti na vingine. Mnunuzi huona wingi huo akafurahi. Mimi nilishtuka, kwa kuwa karanga na samaki waliosagwa pamoja na nafaka huharibika upesi, na mfuko haukuwa na tarehe ya kusagwa bali ya kuisha tu. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri hushikwa na kuvu inayotoa sumu, ile inayoitwa sumukuvu, ambayo haifi kwa kuchemshwa uji na ambayo utafiti umeihusisha na watoto kudumaa. Nilipoufungua mfuko huo nyumbani, nilikutana na harufu ya mafuta yaliyochacha, na unga wake ulikuwa na uchungu kwenye ulimi. Nimeutupa. Mfuko mwingine wa ulezi na soya tu, wa bei ya chini zaidi, ulikuwa na harufu safi na umepikika vizuri.

Mfuko mmoja ulidai kufaa kwa watoto kuanzia miezi minne. Haifai. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, ndipo uji na vyakula laini vianze huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Nililipongeza duka kwa jambo moja lililo karibu na hilo: maziwa ya kopo yamewekwa kwenye rafu ya nyuma bila picha za watoto wanene wala punguzo la bei, kama kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inavyotaka. Ni maduka machache yanayojizuia hivyo.

Hata unga ulio mzuri, hata hivyo, unashindana na kitobero, na sioni jinsi unavyoweza kushinda. Chakula hicho, ambacho kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago kimewafundisha akina mama kwa miongo mingi, huunganisha chakula cha shibe, yaani matoke, viazi au unga, na jamii ya maharage au karanga, pamoja na nyama, samaki, yai au maziwa, na mboga za majani kama dodo, yaani mchicha, vyote vikafungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, kisha vikapondwa hadi viwe laini. Anayetaka kuongeza chuma atafute mbegu za maharage ya NAROBEAN, yaliyotolewa na watafiti wa kilimo wa Uganda mwaka 2016 yakiwa na chuma na zinki nyingi kuliko maharage ya kawaida, na anayetaka vitamini A atumie viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Uji mwepesi wa kupita kwenye chuchu ya chupa humshibisha mtoto maji; kitobero hubaki kwenye kijiko hata kikiinamishwa, na kukaa huko kwenye kijiko ndiko kipimo cha kwanza cha chakula cha mtoto wa miezi saba.

Kwenye kaunta palikuwa na vipande vya emumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba ambao wajawazito wengi hapa huusugua na kuunywa au kuutafuna, ukiwa umefungwa kwenye karatasi nzuri yenye utepe. Naijua mila hiyo na siidharau. Bibi zetu waliitumia. Lakini udongo hushikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia kufyonzwa, na udongo usiopimwa unaweza kuwa na risasi, madini ambayo kwa ubongo wa mtoto hayana kiwango salama. Mtu hawezi kununua tembe ya chuma kwa mkono wa kulia na kitu cha kuiondoa kwa mkono wa kushoto katika duka lile lile.

Sehemu ya vifaa vya kuchezea ndiyo yenye rangi nyingi na hoja chache. Kile kipaza sauti cha kufungwa tumboni, kinachodaiwa kumchezea mtoto muziki wa kumwongezea akili, kinauzwa kwa bei inayozidi ile ya chandarua na samaki wa kula wa mwezi mzima. "Mama mdogo, huyu si atazaliwa anaijua hesabu?" mwanangu aliniuliza akicheka, lakini mkono wake haukuwa umekiachia kiboksi. Mtoto husikia kweli akiwa tumboni katika miezi mitatu ya mwisho, na majaribio yaliyochapishwa tangu mwaka 1980 yalionyesha kwamba mtoto mchanga huitambua na kuipendelea sauti ya mama yake. Sauti hiyo humfikia kupitia mwili wa mama bila betri. Ushahidi kwamba muziki wa kifaa humwongezea akili haupo, na sauti kali karibu na tumbo si jambo la kutafutwa.

Kigari cha kujifunzia kutembea, kile chenye magurudumu ambacho mtoto hukalishwa katikati, nacho kisinunuliwe. Hakimfundishi kutembea, humchelewesha, kwa kuwa humnyima kutambaa, kushika ukuta na kuanguka kwa makalio, na humpeleka kwa kasi kwenye ngazi na kwenye sigiri yenye moto. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Vishikwambi vya watoto vilivyojaa herufi na nyimbo ningeviacha pia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hautaki skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, haupendekezi kwa mwenye mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili hadi minne unaruhusu saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora zaidi.

Katika miaka ya mwanzo ubongo hujenga miunganisho mipya zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde, na inayodumu ni ile inayotumiwa. Hutumiwa pale mtoto anapotoa sauti na mtu mzima akamjibu, akanyoosha kidole kwa kuku na akaambiwa ni kuku, akafichwa uso kwa leso na ukatokea tena. Kwa kazi hiyo duka lina bidhaa moja nzuri mno, nayo ni vitabu vya kitambaa na vya karatasi ngumu vinavyostahimili meno. Kasoro yake ni kwamba karibu vyote ni vya Kiingereza, vya Kiganda vipo vichache, na cha Kiswahili sikukiona hata kimoja, ilhali wateja wanaozungumza Kiswahili nyumbani huingia humo kila siku. Mama asiache kukinunua kwa sababu hiyo. Picha ya tembo ni ya tembo, na atamsimulia mwanawe kwa lugha anayoiota usiku.

Kila Jumamosi duka humweka mshauri, muuguzi aliyestaafu, ambaye huzungumza na wateja bila malipo. Nilimsikiliza kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya aliyoyasema ilikuwa sahihi na ya upole. Kuhusu pombe hakuyumba, akamwambia mama mmoja kwamba hakuna kiasi cha waragi wala bia kilicho salama kwa mimba, hata kile kinachosemekana kuongeza maziwa. Upungufu wake, na ndio upungufu mkubwa wa duka zima, ni kwamba mazungumzo yote yaliishia kwenye bidhaa. Hakumuuliza mteja yeyote kama ameanza kliniki.

Na mengi yanayoulinda ubongo hayauzwi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 hupendekeza mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Huko ndiko shinikizo la damu hupimwa kabla halijaleta kifafa cha mimba. Ndiko kaswende na virusi vya UKIMWI hugunduliwa na kutibiwa kabla havijamfikia mtoto. Ndiko Fansidar na chandarua hutolewa. Kujifungulia mikononi mwa mkunga kuna maana yake ya kiakili pia, kwa kuwa mtoto asiyelia na asiyepumua hupoteza ubongo kwa dakika, na mkunga mwenye mfuko wa kupulizia hewa anajua la kufanya katika dakika ya kwanza. Mkunga huyo huyo anaweza kuombwa asubiri angalau dakika moja kabla ya kukata kitovu, ili damu iliyo kwenye kondo imfikie mtoto na kumwongezea akiba ya chuma.

Wiki za baada ya hapo zina hatari ambazo rafu za duka hazizijui. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, inayotibu vichwa vikubwa vilivyojaa maji na migongo wazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, imeonekana kwamba watoto wengi wa Uganda wenye kichwa kikubwa walianza na maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha. Homa ya mtoto mchanga, kukataa kunyonya, kulegea, degedege, au manjano inayoshuka hadi nyayoni si mambo ya kusubiri hadi Jumatatu, wala si ya kuchanjwa chale wala kutibiwa kwa jua la asubuhi. Malaria nayo haijaacha: utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Mulago na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria kupanda kichwani, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Uganda mwezi Aprili 2025, na mahali ilipofika ni ya bure.

Mwishowe mwanangu alilipia tembe za kawaida za chuma na foliki kama akiba ya siku ambazo kituo chao kitakuwa hakina, kitabu kimoja cha kitambaa, mfuko wa ulezi na soya ambao ataufungua mtoto akishapita miezi sita, mradi tarehe ya kuisha iwe bado mbali, na chandarua kikubwa cha kitanda. Kipaza sauti tulikirudisha rafuni kwa mazungumzo marefu kidogo. Fedha iliyobaki ilitosha nauli ya kurudi Busia, kikombe kikubwa cha mukene na trei ya mayai. Kwa usafi, bei zilizo wazi na vitabu, ninalipatia duka hili nyota tatu kati ya tano. Ningeongeza ya nne siku ambayo mhudumu atamuuliza kila mjamzito, kabla hajamwonyesha kopo lolote, kliniki yake ya mwisho ilikuwa lini na ni dawa gani alizopewa huko.